Paipu za Kipozeo cha Gia Boksi ya Otomatiki: Tuanze na Viungo



Pikapu ya otomatiki ikiletwa gereji gia hazishiki, wazo la kwanza la kila mtu ni kufumua gia boksi. Zipo gia boksi nzima kabisa ambazo zimekufa kwa sababu ya paipu mbili nyembamba zinazopeleka oili mbele kwenye rejeta na kuirudisha. Mada yangu inahusu paipu hizo. Hoja yangu ni kwamba anayetaka kuziboresha asianze na kipozeo kikubwa wala hozi ya bei kali. Aanze na viungo.

Oili inayotoka kwenye toki konveta ndiyo yenye joto kali kuliko oili yote ya gia boksi, hasa gari likipanda mlima polepole na mzigo. Hupita paipu ya kwanza mpaka ndani ya tangi la rejeta, au kwenye kipozeo cha nje, kisha hurudi kwa paipu ya pili. Katika gia boksi nyingi, oili hiyo inayorudi ndiyo inayolainisha bushi na gia za ndani. Kwa hiyo paipu ikijibana mahali, joto si shida pekee: vyuma vinasagana vikavu.

Kipo kipimo cha zamani ambacho gereji yoyote inaweza kukifanya. Injini iko sailensa, gia iko nyutro, paipu ya kurudi imefunguliwa na kuelekezwa kwenye chombo chenye alama. Itoke takriban lita 1 kwa sekunde 20. Ikipungua sana, tafuta kizuizi kabla hujamuuzia mteja kitu chochote. Lakini kipimo hicho kina upande wa pili wa kutisha. Lita 1 kwa sekunde 20 ni lita 3 kwa dakika, hata bila kukanyaga mafuta. Pikapu yenye lita 10 za oili, paipu ikichomoka, itabaki tupu ndani ya dakika chache, na pampu itaanza kuvuta hewa mapema zaidi. Dereva aliye katikati ya mlima wa Kitonga na shehena ya viazi atadhani gari limekosa nguvu tu, azidi kukanyaga.

Paipu zenyewe za chuma mara chache hupasuka katikati, isipokuwa zimeoza kwa kutu au zimesuguliwa na chasisi. Udhaifu uko pale chuma kinapokutana na mpira. Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani: pikapu za Chevrolet Silverado na GMC Sierra zenye injini ya Duramax na gia boksi ya Allison 1000, zilizoanza na modeli ya 2001. Paipu zake za kiwandani zina kipande cha mpira kilichobinywa ndani ya kikombe cha chuma. Mpira ukizeeka kwa joto unakakamaa, kikombe hakiwezi kukazwa upya, na oili huanza kutoa jasho, halafu matone. Wenye magari hayo wamezoea kutupa seti nzima na kuweka hozi zenye fitingi za kufungua kwa spana. Toyota na Nissan tunazozifahamu zaidi hutumia njia nyingine: paipu ya chuma, kisha hozi fupi inayoshikwa na klempu ya springi kila upande. Njia hiyo ni nzuri kuliko inavyodharauliwa, mradi hozi ibadilishwe kabla haijawa ngumu kama kuni, na mdomo wa paipu uwe na ule ukingo unaozuia hozi kuteleza. Fundi aliyekata paipu kwa msumeno akavalisha hozi juu ya mdomo laini, hata akifunga klempu tatu, ametega bomu.

Tukija kwenye hozi, wengi hukimbilia maduka yanayobana hozi za hidroliki. Sina ugomvi nayo. Mashine zao ni nzuri. Ila hozi ya kawaida ya hidroliki, ile iliyoandikwa 100R1 au 100R2, imetengenezwa kwa presha kubwa na kwa joto linaloishia nyuzijoto 100. Kazi yetu ni kinyume chake: presha ndogo, joto kubwa. Oili inayotoka konveta inaweza kuvuka kiwango hicho mlimani. Tafuta hozi yenye maandishi SAE J1532, ambayo ni ya kipozeo cha gia boksi hasa, au hozi ya teflon yenye msuko wa waya wa stenlesi. Hii ya teflon ina fitingi zake peke yake. Fitingi ya hozi ya mpira haiishiki, hata kama thredi zinalingana.

Na thredi ndipo pesa nyingi za wateja zinapopotelea. Fitingi zinazoitwa AN, zilizotoka kwenye viwango vya jeshi la Marekani, huhesabiwa kwa sehemu za kumi na sita za inchi: namba 6 ni paipu ya inchi 3/8, namba 8 ni nusu inchi. Mdomo wake umetanuliwa kwa digrii 37, sawa na JIC ya mashine za hidroliki. Paipu nyingi za magari zimetanuliwa kwa digrii 45. Nati inaweza kuingia, ikakazwa, ikaonekana imekaa, kumbe pete nyembamba tu ya chuma ndiyo inayogusana. Itavuja gari likipata moto. Ndivyo ilivyo kwa BSP ya maduka yetu ya mabomba na NPT ya Kimarekani. Katika nusu inchi zote zina meno 14 kwa inchi, ila pembe ya jino ni 55 kwa moja na 60 kwa nyingine. Zinaumana vizuri mkononi, kisha zinatafuna tundu la gia boksi ambalo ni la alumini.

Hapo ndipo thredi tepu hutolewa mfukoni. Kwenye mdomo uliotanuliwa tepu haina kazi, maana kinachoziba ni koni ya chuma kwa koni ya chuma. Kipande kikimeguka kinasafiri na oili mpaka valvu bodi na kukwamisha solenoidi. Gia zinaruka, na lawama inaangukia kompyuta.

Mengine kwa kifupi. Injini hutikisika juu ya maunti zake na rejeta imefungwa kwenye bodi, hivyo lazima pawe na sehemu inayopinda na iliyolegea kidogo. Hozi ikae mbali na ekzosi. Elbo kali zipunguzwe, kwani tundu lake huwa dogo kuliko la hozi. Unapofungua nati ya rejeta, shika fitingi ya ndani kwa spana ya pili. Ukitaka kuacha kabisa kupitisha oili ndani ya rejeta, una sababu: Nissan Frontier, Pathfinder na Xterra za 2005 hadi 2010 zilipata sifa mbaya Marekani kwa rejeta kupasuka ndani, maji yakaingia gia boksi. Kwa sehemu zenye asubuhi za baridi kama Njombe, weka kipozeo chenye themostati.

Nawaomba wenye gereji mliopo hapa kila mmoja anunue geji ya thredi na geji ya pembe. Pia tuandike kwenye risiti ya mteja aina ya hozi, aina ya fitingi na tarehe tuliyoifunga, ili fundi atakayefuata asianze kwa kubahatisha.