Dawa ya Kutu si Chumvi



Leo twataka kusema juu ya ile dawa nyeupe tunayoitia katika maji ya kupozea injini. Jina lake ni nitraiti ya sodiamu. Huupa uso wa chuma ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, na kutu haishiki. Lakini sharti ipimwe. Ikipungua, ngozi ile huachia mahali pachache, na kutu hula papo hapo mpaka chuma kitoboke.

Hilo ni la injini. La kwetu ni kwamba dawa hii yafanana kabisa na chumvi. Mwaka 1944, mjini New York, watu 11 walikula uji wa mkahawani uliotiwa nitraiti kwa kudhaniwa chumvi. Miili yao iligeuka rangi ya buluu, kwa kuwa damu haikuweza tena kuchukua hewa sawasawa. Mmoja alikufa.

Nasi tumeiona dawa hii karakana ikiwekwa katika kopo la majani ya chai! Twataka kabati lenye kufuli, na kopo lenye maandishi ya Kiswahili. Ukiona midomo ya mwenzako yageuka buluu, usingoje ruhusa ya msimamizi: mpeleke hospitali mara moja, na kopo ulichukue.