Nembo ya Mji wa Glasgow na Maana Yake



Katika siku hizi za Yubile twaona nembo juu ya bendera na vitambaa, nasi tumeombwa tueleze jinsi nembo inavyosomwa. Tumechagua ile ya Glasgow, mji mkubwa wa Uskoti. Kwa maana karibu nao, huko Blantyre, alizaliwa mwaka 1813 David Livingstone, aliyepinga biashara ya watumwa katika nchi hizi zetu.

Katika ngao ya mji ule mna vitu vinne: ndege, mti, kengele, na samaki mwenye pete kinywani. Vyote vyatoka katika hadithi za Mtakatifu Mungo, aliyehubiri huko yapata miaka 1,400 iliyopita. Wanafunzi wenzake walimwua kidege wa mwalimu wao, wakamsingizia yeye; akaomba, kidege akawa hai tena. Mara nyingine waliuzima moto aliowekwa kuulinda. Akavunja tawi lenye barafu, akaomba, likawaka. Kengele, husemwa, aliileta kutoka Roma. Tena mfalme aliitupa pete ya malkia katika mto Clyde, kisha akamdai aionyeshe. Mungo akamtuma mtawa kuvua. Pete ikaonekana ndani ya samaki.

Tazameni basi: kilichouawa kilihuishwa, kilichozimwa kiliwashwa, kilichopotea kilirudishwa.

Nembo hii ilithibitishwa rasmi mwaka 1866, na chini yake maneno ya kuutakia mji ustawi. Lakini kengele ya kanisa iliyosubiwa mwaka 1631 ilikuwa na maneno marefu zaidi: ilimwomba Bwana austawishe mji kwa kuhubiriwa neno lake na kusifiwa jina lake.

Mji ukastawi kweli. Walakini katika karne ya 18 sehemu kubwa ya mali yake ilitokana na tumbaku na sukari, zilizolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani ng'ambo ya bahari. Hayo hayakuchorwa katika ngao. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Glasgow kilikiri kwamba kilifaidika na mali ya namna hiyo. Mwaka 2019 kikaahidi pauni milioni 20 kwa kazi ya pamoja na Chuo Kikuu cha West Indies. Mwaka 2022 baraza la mji likaomba radhi.

Basi, walimu, mkiwafundisha watoto nembo yo yote, waulizeni mambo mawili: Kimechorwa nini? Na ni nini kisichochorwa? Maana pete ile haikubaki kwa mvuvi. Ilirudishwa kwa mwenyewe.