Mama Yangu Hakubonyeza "Nakubali"

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa kata, Mbagala)



Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi nilibanwa, nikapakua programu moja ya mikopo kwenye simu. Elfu hamsini tu, nitengeneze bodaboda. Ikaomba ruhusa ya kusoma namba zote nilizohifadhi. Masharti marefu, tena ya Kiingereza. Nikabonyeza "Nakubali". Nani hapa hajawahi?

Nikachelewa siku tatu. Siku ya nne mama ananipigia kutoka Tandika, analia. Katumiwa meseji kwamba mwanawe ni tapeli. Bosi wangu kaipata. Shekhe kaipata. Hata fundi simu niliyempigia mara moja tu, naye kaipata!

Sasa tuelewane. Deni nilikopa mimi, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini mama hakukopa. Mama hakubonyeza kitu. Nani alikubali kwa niaba yake?

Wakubwa watasema sheria ipo. Kweli ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Sitini na tisa, ndugu zangu! Orodha imetoka watu wameshakaushwa damu na kudhalilishwa. Jirani zetu Kenya, mwaka 2023, kamishna wao wa ulinzi wa data aliipiga kampuni ya mikopo faini ya shilingi milioni 5 za kwao kwa mambo ya aina hii. Kumbe inawezekana.

Tunadai matatu. Masharti yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Programu ya mkopo isiguse namba za watu wengine. Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ishuke Mbagala, Buza, Tandale, ipokee malalamiko huku huku mtaani.

Na wewe, leo kabla hujalala, ingia kwenye mipangilio ya simu, angalia programu zipi zinasoma namba zako, uzifungie. Ukitumiwa meseji ya kumchafua mwenzako, usisambaze. Ipige skrinshoti umpelekee, huo ni ushahidi wake.

Aibu si yetu, ni yao. Hadi kieleweke!