Jeli za Mafuta na Dawa Inayosukumwa kwa Umeme: Mkondo Unapita Wapi?



Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti Mfaransa Stéphane Leduc aliwaunganisha sungura wawili katika mkondo mmoja wa umeme. Wa kwanza aliwekewa striknini kwenye ncha chanya, wa pili sianidi kwenye ncha hasi. Umeme ulipopita, wote wawili walikufa, yule wa striknini kwa degedege. Ncha zilipogeuzwa, sungura hawakudhurika. Sumu ilikuwa ileile. Kilichogeuka ni mwelekeo wa mkondo tu.

Huo ndio msingi wa aiontoforesisi. Dawa yenye chaji chanya huwekwa chini ya ncha chanya, nayo husukumwa kuingia mwilini. Kizuizi ni tabaka mfu la juu la ngozi, lenye unene wa mikromita 10 hadi 20 hivi. Mkondo wenyewe ni mdogo: kwa kawaida hauzidi miliampea 0.5 kwa kila sentimita ya mraba. Tangu 1959 njia hii hutumika kupitisha pilokapini kwenye ngozi ili jasho lipatikane na kupimwa.

Kwa nini basi tuhangaike kuiweka dawa hiyo kwenye jeli ya mafuta? Jeli ya maji hukauka na hukataa dawa zisizoyeyuka majini. Jeli ya mafuta hulainisha ngozi na huzuia maji yake yasitoroke. Malighafi tunazo: ufuta, nyonyo, nazi, nta ya nyuki. Utengenezaji nao hauna makuu: unapasha mafuta moto, unayeyushia ndani yake nta au sobitani monostearati, kisha unaacha yapoe. Fuwele hujifuma kuwa wavu unaoshika mafuta, na ukipindua chupa hayamwagiki.

Tatizo ni kwamba dawa inayopenda mafuta kwa kawaida haina chaji, kwa hiyo umeme hauna pa kuishika. Dawa yenye chaji, ambayo umeme ungeisukuma, haitaki kukaa kwenye mafuta. Juu ya hayo, mafuta yenyewe ni kihami. Jeli ya mafuta matupu chini ya elektrodi ni ukuta, hata iwe laini na yenye kung'aa namna gani.

Ndiyo maana naona tuache jeli ya mafuta matupu na tushike jeli pacha, yaani jeli ya mafuta na jeli ya maji zilizochanganywa pamoja. Watafiti wa Rourkela, India, wamewahi kuunda jeli ya aina hiyo kwa ufuta na gundi ya guar. Swali la kwanza ni kipi kimezunguka kingine. Matone ya maji yakitengwa ndani ya mafuta, mkondo hukwama hadi yawe mengi kiasi cha kugusana. Maji yakiwa nje na matone ya mafuta ndani, mkondo hupita. Tia rangi inayoyeyuka majini kisha tazama kwa hadubini. Utajua mara moja.

Kipimo cha ukinzani wa jeli kisifanywe kwa multimita ya kawaida. Hiyo hutumia mkondo mnyoofu, chaji hurundikana kwenye elektrodi, na namba hupanda huku ukiitazama. Tumieni mkondo geu, kilohezi 1 kwa mfano, na jeli iwe kwenye nyuzi joto 32 kama uso wa ngozi. Wanaotumia mafuta ya nazi wawe waangalifu zaidi, kwani huyeyuka karibu na nyuzi 24: sampuli ya asubuhi si ile ya alasiri.

Dawa ya majaribio nayo ichaguliwe kwa akili. Metronidazoli hupendwa maabarani, lakini pKa yake ni karibu 2.6, hivyo kwenye pH ya ngozi haina chaji. Hubebwa tu na maji yanayovutwa na umeme. Lidokaini, yenye pKa ya karibu 7.9, ina chaji chanya kwenye pH 6 na inafaa kuanzia.

Usalama usiachwe mwisho. Kiraka cha umeme cha Zecuity, cha kipandauso, kiliidhinishwa Marekani 2013. Mwaka 2016 mauzo yalisimamishwa kufuatia taarifa za kuungua na makovu. Jeli isiyochanganyika sawasawa hukusanya mkondo mahali padogo, na hapo ndipo ngozi huungua.

Kila jaribio liwe na jaribio pacha lisilowashwa umeme. Dawa ikipita kwa kiasi kilekile pande zote mbili, mmepata marhamu.