Hutuba ya Mfunguo Mosi: Matayarisho ya Harusi na Amana ya Picha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba wanaume na wanawake, akajaalia baina ya mume na mke mapenzi na huruma. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Amma baad. Enyi Waislamu! Nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, wagonjwa, akina mama na wasafiri, maneno haya ni yenu pia.

Mwezi huu wa Mfunguo Mosi ni msimu wa harusi katika miji yetu. Bibi Aisha (r.a.) aliolewa katika Shawwal, na alikuwa akipenda wanawake wa jamaa zake waingie kwa waume zao katika mwezi huu. Kwa hiyo leo nasema na vijana waliokwisha kuposa na kuposwa, na wazee wao, juu ya mambo mawili: gharama za harusi na picha za harusi.

Ndugu zangu, tazameni harusi za watu bora wa umma huu. Sayyidna Ali (r.a.) alitoa deraya yake ya vita kuwa mahari ya Bibi Fatma (r.a.). Mtume (S.A.W.) alipomwoa Bibi Safiyya (r.a.), wakirudi kutoka Khaybar katika mwaka wa 7 wa Hijra, walima wake haukuwa na nyama wala mkate. Yalitandikwa matandiko ya ngozi, zikawekwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, watu wakala wakashukuru. Naye Abdulrahman bin Auf (r.a.) alioa Madina, na Mtume (S.A.W.) hakujua mpaka alipoona juu yake athari ya manukato ya harusi. Hakumlaumu kwa kutomwalika. Alimwombea baraka, akamwamrisha afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Basi leo ni nani miongoni mwetu anayenuna mwaka mzima kwa kuwa hakuletewa kadi?

Enyi vijana! Kabla hamjakodi ukumbi wala hamjashona nguo, kaeni na wazee wenu, mchukue karatasi, mwandike mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la faradhi na masharti: idhini ya mwenye kuolewa, walii wake, mashahidi wawili, mahari, na nyumba ya kumweka mke. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, kama ilivyoamrishwa katika Suratin Nisaa. Si ya baba wala ya mjomba. Na kilemba cha baba na mkaja wa mama, ambavyo ni ada zetu, visiile haki hiyo. Katika fungu hili tieni na sheria ya nchi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Wengi hunijia siku mbili kabla, ukumbi umelipiwa, na karatasi hawana.

Fungu la pili ni la sunna, nayo ni walima kwa kadiri ya uwezo, na kuwaalika maskini pamoja na matajiri. Mtume (S.A.W.) alikitaja kuwa ni chakula kibaya kabisa kile cha walima unaoitiwa matajiri wakaachwa mafakiri. Fungu la tatu ni la ada na mapambo: ukumbi, magari, sare, maua, na picha. Fungu hili halikatazwi maadamu halina haramu ndani yake, lakini ndilo la mwisho. Likibaki kitu, fanya. Lisipobaki, liache, na ndoa yako haikupungua hata chembe.

Ajabu yetu ni kwamba tumeyapindua mafungu haya. Kamati hukaa miezi mitatu ikikusanya michango kwa ajili ya ukumbi na chakula cha usiku mmoja, na bwana harusi hana kodi ya nyumba ya mwezi wa pili. Mahari huandikwa kuwa deni, na maua hulipwa taslimu. Mwenyezi Mungu amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, basi tusiuanze unyumba kwa udugu huo.

Ama juu ya picha, wanavyuoni wamekhitilafiana. Wako walioziharimisha kwa kutazama hadithi zinazowakemea wenye kufanya masanamu na sura. Na wako walioruhusu picha ya kamera, kama Sheikh Muhammad Bakhit, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliyeona kuwa ni kivuli kilichozuiliwa na wala si kiumbe kilichobuniwa. Mwenye kujizuia asibezwe, na mwenye kufuata ruhusa asikufurishwe. Lakini hata wenye kuruhusu hawakuruhusu kufichua uchi wala kuipuuza ibada.

Nakiri kosa langu mbele yenu. Niliwahi kuozesha katika msikiti mmoja, na tulipokwisha, mpiga picha akaniomba tushikane mikono upya, walii aseme tena na bwana harusi akubali tena, kwani kamera yake haikupata vizuri. Nikaona haya kumkatalia, nikakubali. Watu wakacheka. Wakati wa kutoka mtoto mdogo akaniuliza: "Shekhe, ndoa ni ile ya kwanza au ile ya kamera?" Ndoa ilikuwa ile ya kwanza, wala haikuharibika. Lakini maneno yanayohalalisha tupu na kuthibitisha nasaba tuliyafanya mchezo. Tangu siku ile sirudii.

Na jambo zito zaidi ni hili. Alinijia mzee mmoja na binti yake, hajatimiza miezi mitatu katika ndoa. Usiku wa singo, walipokuwa wanawake watupu, shoga mmoja alimpiga picha kwa simu, kwa furaha tu. Akamtumia dada yake. Dada akamtumia rafiki. Kabla ya Ijumaa ya pili, picha ile ilikuwa inatazamwa na wanaume barazani, na mume akamrudisha mke kwao kwa tuhuma ya jambo asilolijua. Tulikaa vikao vitatu mpaka mume akakiri kwamba amedhulumu, akaomba radhi, wakarudiana. Lakini picha haikurudi. Na kila mmoja katika njia ile alisema: mimi nilimtumia mtu mmoja tu.

Basi pataneni na mpiga picha kabla ya siku yenyewe, na mapatano yaandikwe: nani atapigwa na nani hatapigwa, wapi na saa ngapi, malipo kiasi gani, na kwamba picha zote atawakabidhi nyinyi, wala hataonyesha hata moja bila ya ridhaa yenu. Katika mkusanyiko wa wanawake apige mwanamke, na simu za waalikwa ziachwe mlangoni kwa mtu mwaminifu. Pangeni saa za picha zisiile sala. Si fahari bibi harusi kupambwa kwa saa nne, kisha Magharibi impite kwa kuchelea wanja kufutika. Mumkubalie hayo, enyi mabwana harusi, wala msimsukume ajionyeshe kwa kuwafurahisha marafiki zenu.

Nanyi wapiga picha, kazi yenu ni halali mkiilinda. Mlichokiona nyumbani mwa watu ni amana, na Suratin Nur imetufundisha kutoingia nyumba za watu bila ya idhini. Picha ya nyumba ya mtu ni mlango wake.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote.

Ewe Mola wetu! Wabariki wanaooana katika mwezi huu, uwakusanye katika kheri. Walipie wenye madeni madeni yao, uwasitiri mabinti zetu duniani na akhera, na uwape vijana wasio na mali njia nyepesi ya ndoa. Amin.