Wakijadiliana Darasani, Je, Wanasoma?
(Hotuba kwa wazazi wa shule za upili)

Wazazi wenzangu, baadhi yenu mnalalamika kuwa walimu siku hizi huwaacha wanafunzi wajadiliane badala ya kuwafundisha. Nawaelewa, sisi tulinakili yaliyo ubaoni, tukakariri.

Lakini mwaka wa 1971, mjini Austin, Marekani, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waligawa somo vipande. Kila mwanafunzi alijifunza kipande chake, kisha akawafunza wenzake. Hapakuwa na nafasi ya kutegea.

Kikundi ambamo mmoja anaandika na watano wananakili si ushirikiano. Mtihani kila mtoto huufanya peke yake.

Basi jioni muulizeni mtoto: “Leo umewafunza wenzako nini?” Akikosa jibu, njooni tuzungumze na mwalimu.