Risasi Huhesabiwa Kabla ya Vita

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa Serikali.)



Tarehe 18 na 19 Januari, 1915, jeshi la Wajerumani liliishambulia ngome ya Waingereza pale Jasini, karibu na mto Umba, kwenye mpaka wa nchi ambazo leo ni Tanzania na Kenya. Ngome ilisalimu amri. Hata hivyo, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuona sababu ya kushangilia. Mapigano yale ya siku mbili yalikuwa yamekula risasi zipatazo 200,000. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari, na nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza risasi nyingine. Baada ya kupiga hesabu aliona kuwa, kwa akiba aliyobaki nayo, asingeweza kupigana mapigano ya namna ile zaidi ya mara tatu. Tangu hapo aliyakwepa mapigano makubwa, akaelekeza nguvu zake katika kuivuruga reli ya Uganda na kumchosha adui kwa vikosi vidogo vidogo.

Sikuuchagua mfano huu kwa sababu mtu yule anastahili kusifiwa. Risasi zake zilibebwa vichwani na mabegani mwa watu wetu, na maelfu kwa maelfu kati ya wapagazi wa pande zote mbili hawakurudi makwao. Hiyo ni hesabu ambayo haikuandikwa katika daftari lolote la ghala. Nimeuchagua kwa sababu unaonyesha hesabu yenyewe ikiwa uchi, bila mapambo ya wataalamu. Jeshi hujiuliza lina nini, siku moja ya mapigano inakula kiasi gani, na kitakachokuja kuziba pengo kitatoka wapi na lini. Kwa Lettow-Vorbeck jibu la swali la mwisho lilikuwa bahati tu. Meli moja ilipenya Aprili 1915 hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na Waingereza ikiwa huko, na risasi zilizolowa maji ya bahari zikaopolewa, zikafunguliwa na kukaushwa. Nyingine ilifika Sudi, karibu na Lindi, mwaka 1916. Kisha Novemba 1917 aliiteka kambi ya Wareno pale Ngomano na kujipatia silaha na risasi za adui. Mtu anaweza kuponea chupuchupu namna hiyo. Serikali haiwezi kupanga bajeti kwa matumaini hayo.

Najua baadhi yenu mnajiuliza, mambo haya yanamhusu nini mwalimu wa hesabu au karani wa mipango? Yanamhusu kwa sababu zana za vita zinanunuliwa kwa kodi, na upungufu wake hauonekani mpaka siku ya msiba. Yanamhusu pia kwa sababu zikishanunuliwa lazima zilazwe mahali, na mara nyingi mahali hapo pana majirani.

Mwaka ule ule wa vita vya Jasini, taifa lililokuwa miongoni mwa mataifa tajiri kabisa duniani lilijikuta halina makombora ya kutosha. Viwango vya akiba vya Uingereza vilikuwa vimepangwa kwa kutazama vita vyake na Makaburu huko Afrika ya Kusini, yaani 1899 hadi 1902, vita vya uwanja wazi na farasi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makombora ya mizinga yake midogo ilikuwa ya aina inayopasuka angani na kumwaga vidonge vya risasi: kitu kibaya sana kwa askari aliyesimama mbugani, lakini kisicho na nguvu ya kumfukia askari aliyejichimbia handaki. Huko Ufaransa askari wote walikuwa wamejichimbia. Tarehe 9 Mei, 1915, katika shambulio la Aubers, mizinga ya Uingereza ilipiga kwa dakika zipatazo 40 tu, kisha askari wa miguu wakaamriwa kusonga mbele kuelekea bunduki za rashasha ambazo hazikuwa zimeguswa. Siku hiyo moja zaidi ya askari 11,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Siku tano baadaye gazeti la The Times la London lilieleza waziwazi kwamba makombora ya mlipuko mkubwa hayakutosha. Kabla ya mwezi kwisha Waziri Mkuu Asquith alilazimika kuunda serikali ya mseto, na mwezi wa Juni ikaanzishwa Wizara ya Zana za Vita chini ya David Lloyd George.

Wizara hiyo ilifanya kazi kubwa. Ilijenga viwanda vya taifa, ikasimamia viwanda vya watu binafsi, ikaingiza mamia ya maelfu ya wanawake katika kazi ya kujaza baruti. Lakini haraka ina gharama yake. Mwaka mmoja baadaye, kabla ya shambulio la Somme la tarehe 1 Julai, 1916, Waingereza walipiga makombora yapatayo 1,500,000 kwa muda wa wiki moja. Idadi sasa ilikuwapo. Lakini mengi hayakulipuka, kwani yalitengenezwa na mafundi wapya katika viwanda vipya bila ukaguzi wa kutosha. Na mengi, kwa mara nyingine, yalikuwa ya aina isiyofaa kwa mahandaki. Siku ile ya kwanza walikufa askari wa Uingereza 19,240. Tarehe 19 Januari, 1917, kiwanda cha kusafishia baruti kilichokuwa katikati ya nyumba za wafanyakazi huko Silvertown, mashariki ya London, kililipuka na kuua watu 73. Kilikuwa kimewekwa pale kwa sababu nafasi ilikuwapo na wakati haukuwapo.

Baada ya mafunzo ya namna hiyo, majeshi makubwa yamejiwekea utaratibu. Nitaeleza ule wa Marekani kwa sababu umeelezwa hadharani kuliko mingine. Kwanza, idara ya upelelezi wa kijeshi hukisia adui ana nini: vifaru, ndege, meli, mitambo. Makamanda wa maeneo, ambao ndio watakaopigana, huyagawa malengo hayo kati ya Jeshi la Nchi Kavu, la Anga na la Wanamaji, ili kifaru kimoja kisihesabiwe mara mbili na kununuliwa makombora ya pande mbili. Kila jeshi hukokotoa idadi ya risasi na makombora ya kuangamiza sehemu yake, likikumbuka kwamba si kila pigo hulenga. Juu ya hapo huongezwa mahitaji ya vikosi vilivyoko kwingineko, na akiba ya kubaki nayo vita vikiisha, kwa maana adui wa pili hangojei ghala lijae. Mwishoni huongezwa zile za mazoezi na majaribio. Jumla hiyo ndiyo huingizwa katika mpango wa bajeti wa miaka mitano ijayo.

Ukiutazama kwenye karatasi, utaratibu huu hauna dosari. Tabu ni kwamba hesabu nzima inasimama juu ya dhana mbili: vita gani, na vya muda gani. Ukikisia vita vya mwezi mmoja, jedwali litakupa jibu la mwezi mmoja, na litakupa kwa usahihi wa kupendeza, hadi risasi ya mwisho. Hata kugawana malengo kulikuwa na mgogoro: mwaka 2001 wakaguzi wa Bunge la Marekani walitoa taarifa kwamba kazi ya kuurekebisha utaratibu huo haikuwa imekamilika, na kwa hiyo matokeo yake hayakuwa ya kutegemewa vya kutosha. Na dhana ya muda imewaumbua wengi. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 havikufika wiki tatu, lakini kabla ya kwisha Marekani ilikuwa ikiipelekea Israel zana kwa ndege, nayo Urusi ya wakati ule ikizipelekea Misri na Syria. Mwaka 2011, baada ya wiki chache tu za kuipiga Libya, baadhi ya nchi za Ulaya zilianza kupungukiwa na mabomu ya kulenga shabaha. Adui wao hakuwa hata na jeshi la anga la maana.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa haliko kwenye hesabu. Liko mezani pa bajeti. Ndege ya vita hupita juu ya gwaride, na watoto huinua vichwa kuitazama. Sanduku la risasi halipiti popote. Fedha zinapopungua, hukatwa kile ambacho hakuna atakayeona kimekatwa. Watumishi wa Serikali mlio hapa mnalifahamu jambo hili katika shughuli nyingine. Jengo hupata fedha na ufunguzi wa sherehe. Fungu la matengenezo husubiri mwaka ujao.

Vita vya Ukraine vilivyopamba moto Februari 2022 vimelifunua jambo hili kuliko vyote vya karibuni. Kabla ya hapo, Marekani nzima ilikuwa ikitengeneza makombora ya mizinga ya milimita 155 yapatayo 14,000 kwa mwezi, kiasi kilichoweza kumalizwa kwa siku chache katika uwanja mmoja wa vita. Lengo likawekwa kuyafikisha 100,000 kwa mwezi. Lakini kiwanda si bomba la maji la kufungua na kufunga. Maganda ya chuma hutengenezwa Scranton, Pennsylvania, katika majengo yaliyokuwa zamani karakana ya garimoshi. Baruti hujazwa katika kiwanda kingine huko Iowa. Baruti ya kusukuma hutoka Virginia. Pengo likitokea mahali pamoja, mahali pengine pote husimama. Pengo lilikuwapo. Baruti aina ya TNT, ambayo dunia nzima inaijua, Marekani iliacha kuitengeneza mwaka 1986, ikawa inategemea nchi nyingine, Poland ikiwa mojawapo. Ilikuwa Novemba 2024, zaidi ya miaka miwili na nusu baada ya vita kupamba moto, ndipo ulipotiwa saini mkataba wa dola milioni 435 wa kujenga kiwanda kipya cha TNT huko Kentucky.

Habari ya kombora la Stinger, lile la begani la kutungulia ndege, inafanana na hiyo. Jeshi la Marekani lilikuwa limepitisha takriban miaka 18 bila kuagiza mapya. Maagizo yalipokuja, baadhi ya vipuri vilikuwa havitengenezwi tena popote, na kampuni ikalazimika kuwaita wahandisi wake wastaafu, wengine wakiwa na umri wa miaka zaidi ya sabini, waje kuwafundisha vijana namna ya kuliunda. Jambo hili lingefaa kutazamwa na walimu hasa. Mtambo unaweza kununuliwa. Ujuzi ulio mikononi mwa watu, usiporithishwa, huondoka nao.

Umoja wa Ulaya uliahidi Machi 2023 kuipa Ukraine makombora 1,000,000 ndani ya mwaka mmoja. Muda ulipofika ulikuwa umepeleka kama nusu. Mwenye kiwanda hawezi kuongeza mitambo kwa ajili ya ahadi. Anataka mkataba, tena wa miaka mingi, kwa sababu anakumbuka amani iliyopita ilivyomwacha na mitambo baridi. Ndiyo maana Bunge la Marekani liliruhusu kwa sheria, Desemba 2022, mikataba ya miaka kadhaa kwa aina nyingi za makombora. Ni gharama ya kukubali kulipia kitu ambacho pengine hakitatumika, na mtawala mwenye kuogopa kulaumiwa hawezi kuikubali kwa urahisi.

Sasa niingie upande wa pili, ambao kwetu si habari ya magazeti ya nje. Tarehe 29 Aprili, 2009, ghala la silaha la Mbagala lililipuka. Tarehe 16 Februari, 2011, yakalipuka maghala ya Gongo la Mboto. Kila mara watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba zikabomoka, na maelfu wakayakimbia makazi yao. Wala hatukuwa peke yetu. Lagos mwaka 2002 walikufa zaidi ya watu 1,000, wengi wao wakizama mferejini katika kukimbia. Maputo mwaka 2007, zaidi ya 100. Brazzaville mwaka 2012, zaidi ya 200.

Baruti huzeeka. Ile ya kusukuma kombora huchanganywa na dawa ya kuituliza, na dawa hiyo huisha polepole. Mahali penye joto huisha upesi zaidi. Ikiisha, baruti inaweza kujiwasha yenyewe bila mkono wa mtu. Kwa hiyo ununuzi wa risasi ni mwanzo tu wa gharama. Panahitajika maabara ya kupima sampuli, daftari la umri wa kila fungu, maghala yenye kupitisha hewa na yenye kutengana, na fedha za kuteketeza zilizopitwa na wakati. Fungu hilo la mwisho ndilo linaloachwa nje ya mipango mingi, kwa kuwa ni vigumu kumshawishi mtu alipe ili kuharibu mali aliyokwisha kuilipia. Na huku ghala likizeeka, mji unakua. Kambi iliyojengwa porini hujikuta, baada ya miaka 30, imezungukwa na vibanda, zahanati na shule. Kila kiwanja kilipimwa na mtumishi fulani, au kilijengwa bila kupimwa huku mtumishi fulani akitazama pembeni.

Idadi ya risasi za jeshi ni siri, na inastahili kuwa siri. Umri wa ghala, umbali wake kutoka uzio wa shule, na kama lipo fungu la kuteketeza zana chakavu, haya sioni adui atanufaika nayo nini. Diwani anaweza kuuliza. Afisa ardhi anaweza kukataa kutoa hati ya kiwanja. Na mwalimu anapaswa kujua kwamba milipuko ya namna hii hutawanya makombora mazima kwa kilomita kadhaa, mengine yakabaki ardhini yakiwa hayajalipuka. Anayeyaokota kwanza huwa ni mtoto, na humletea mwalimu ayaone. Lisishikwe, lisisogezwe, watoto waondolewe, mahali pawekewe alama, jeshi liitwe.

Ndugu Mwenyekiti, naona muda niliopewa umekwisha. Nipo tayari kwa maswali.